Je, Wajua? Mji Ambako Chenso Huchonga

Je, wajua kwamba kuna mji mdogo kaskazini mwa British Columbia, Kanada, ambako dubu, tai, farasi na mazimwi ya mbao wamesimama kando ya barabara kuu kama askari wa zamu, na wote wametolewa ndani ya magogo kwa msumeno wa mnyororo, yaani chenso? Mji huo ni Chetwynd. Wakazi wake ni kama 2,300, na sanamu zake zimepita 150. Ukigawanya, ni sanamu moja kwa kila watu kumi na tano hivi.

Nilifika huko mwezi Juni, siku za mashindano ya kuchonga. Kutoka Prince George ni takriban kilomita 300 za barabara inayopita katikati ya misitu na kukatiza Milima ya Rocky. Naanza na sauti, kwa sababu sauti ndiyo iliyonipokea kabla ya mtu yeyote. Kwetu Afrika Mashariki, chenso ikilia mlimani moyo hushtuka: kuna mti unaanguka, na pengine anayeuangusha hana kibali. Tumeona misitu ikiliwa hivyo mpaka Kenya ikapiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma mwezi Februari 2018, na zuio hilo likadumu hadi Julai 2023. Sasa fikiria kusikia chenso nyingi kwa pamoja katikati ya mji, mchana kweupe, na akina mama wanasukuma vigari vya watoto kuifuata sauti badala ya kuikimbia. Ilinichukua muda masikio yangu kukubali.

Je, wajua sanamu za Chetwynd zilianza kwa sababu ya barabara? Mwaka 1992 ilitimia miaka 50 tangu kujengwa Barabara Kuu ya Alaska, ambayo huanzia Dawson Creek, kilomita 100 hivi kutoka hapo. Mji ukataka kitu cha kuwakaribisha wasafiri wa sherehe hizo, na kilichochongwa ni dubu. Dubu wakazaa wengine.

Na je, wajua ni nani walioijenga barabara yenyewe? Jeshi la Marekani, mwaka 1942, katikati ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwa muda wa miezi minane hivi, kwenye matope na baridi ya kugandisha damu. Karibu theluthi moja ya wanajeshi hao walikuwa Wamarekani Weusi, katika vikosi vilivyotengwa na vya weupe. Nililikumbuka hilo nikiwa mbele ya dubu wa makaribisho. Wasafiri wengi hupiga picha hapo, na barabara waliyokuja nayo ina jasho la watu ambao kwa muda mrefu hawakutajwa.

Mashindano ya kimataifa yenyewe yalianza mwaka 2005. Wachongaji hualikwa kutoka ng'ambo, kila mmoja hupewa gogo lake na takriban saa 35 za kuchonga, zikigawanywa kwa siku chache. Akimaliza, sanamu haondoki nayo. Ni mali ya mji, nao huisimamisha mahali pa wazi ambapo mtoto anaweza kuigusa. Ofisi ya wageni hutoa ramani, na unaweza kutembea kutwa nzima kutoka sanamu hadi sanamu bila kulipa kiingilio. Hapa natoa hukumu yangu waziwazi: huu ndio uamuzi bora kuliko yote ambayo mji huu ulifanya. Miji mingapi huandaa tamasha, likaisha, na kesho yake kikabaki kichuguu cha takataka?

Je, wajua mti unaotumika? Ni mwerezi mwekundu wa magharibi, mti rasmi wa jimbo la British Columbia tangu mwaka 1988. Jina linatudanganya kidogo, maana si mwerezi halisi kama ule wa Lebanoni unaotajwa katika Biblia. Uko kwenye ukoo ambao wataalamu huuita Cupressaceae, na katika ukoo huohuo yumo ndugu yetu wa karibu kabisa: mtarakwa. Naam, mtarakwa wa Meru, wa Usambara na wa nyanda za juu za Kenya, ule ambao nguzo zake za uzio hukaa ardhini miaka na miaka mchwa wakizizunguka tu. Mtarakwa ndio pekee katika jamaa yake ya karibu, jenasi ya Juniperus, unaoota kiasili kusini mwa ikweta. Niliponusa vipande vya gogo pale Chetwynd, pua yangu ilifika nyumbani kabla yangu.

Ndugu hao wawili wanafanana hata kwa tabia. Kama mtarakwa, mwerezi mwekundu hubeba dawa ndani ya mbao zake, kemikali zinazowazuia kuvu na wadudu. Ndiyo maana sanamu inaweza kusimama nje kwenye theluji na mvua bila kuoza upesi.

Lakini dawa hiyohiyo ina upande wa pili. Vumbi la mwerezi huu lina asidi inayoweza kumletea fundi pumu ya kazini, na baadhi ya mafundi hubaki nayo hata baada ya kuacha kazi. Ukimwona mchongaji amejifunga barakoa puani, usidhani ni mbwembwe.

Je, wajua tofauti yake na mpingo? Mita moja ya ujazo ya mwerezi mwekundu mkavu ina uzito wa kilo 370 hivi. Ya mpingo huvuka kilo 1,200, na kipande cha mpingo ukikitupa majini kinazama kama jiwe. Kwa hiyo anayesema kwamba Wamakonde wanaochonga mpingo nao wanunue chenso wamalize kazi haraka, hajawahi kushika mpingo. Ule mti hudai tezo, patasi, tupa na subira. Kila mti una lugha yake, na mwerezi ni msemaji mpole: laini, mwepesi, nyuzi zake zimenyooka, na unakubali kukatwa kwa kasi bila kumeguka hovyo.

Wachongaji wengi hupenda gogo bichi, kwa sababu mti ukikauka huwa mgumu na hula meno ya msumeno. Waswahili tulishasema: samaki mkunje angali mbichi.

Sasa shika kiti. Je, wajua chenso ilizaliwa hospitalini? Mwishoni mwa karne ya 18, madaktari wawili wa Uskoti, John Aitken na James Jeffray, walibuni mnyororo mwembamba wenye meno, wenye vishikio kila upande, uliovutwa kwa mikono. Ulitumika kuondoa mfupa ulioharibika, na pia kupanua nyonga ya mama aliyeshindwa kujifungua, zama ambazo upasuaji wa kumtoa mtoto tumboni karibu kila mara ulimuua mama. Mwaka 1830 hivi, Mjerumani Bernhard Heine akatengeneza chombo ambacho mnyororo wake wenye meno ulizunguka kwenye bapa linaloubeba, kwa kuzungusha mkono wa chuma. Ukiiona picha yake leo utaitambua mara moja: ni chenso ndogo ya kukata mifupa. Nafikiria wale akina mama, bila dawa ya usingizi, na sitaki kulipita jambo hili mbio kana kwamba ni kichekesho, kama wengi wanavyofanya. Chombo hiki kilianza kwa mtu kujaribu kuokoa maisha kwa njia pekee aliyokuwa nayo.

Kutoka hospitalini hadi msituni ilipita karibu karne nzima. Mwaka 1926 Andreas Stihl, Mjerumani, alitengeneza msumeno wa mnyororo unaotumia umeme, na mwaka 1927 Mjerumani mwenzake Emil Lerp akatoa wa petroli. Stihl naye akafuata na wa petroli mwaka 1929. Uzito wake? Kilo 46. Huo ni karibu mfuko mzima wa saruji, na ulibebwa na watu wawili. Msumeno wa kuchongea wa leo una kilo nne hivi, na fundi huushika kwa mikono miwili kama mama anayechukua mtoto.

Je, wajua kwamba meno ya chenso ya kisasa yalifundishwa na funza? Hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1946, mkata miti wa Oregon, Marekani, jina lake Joseph Cox, alikuwa akipasua kuni alipoona kisikini funza wa mbawakawa, mnene kama kidole, akitafuna mbao nzima nzima bila taabu. Misumeno ya wakati ule ilikuwa na meno ya kukwaruza. Ilichoka upesi na ilihitaji kutiwa makali kila mara. Funza yule hakukwaruza. Taya zake mbili zilizopinda zilikata kushoto, zikakata kulia, zikifuata nyuzi za mti na kuzikatiza vilevile. Cox akamtazama kwa makini, akaenda kwenye chumba cha chini cha nyumba yake mjini Portland, akaunda mnyororo wenye meno yaliyopinda kama taya zile: jino moja la kushoto, moja la kulia, zamu kwa zamu. Mwaka 1947 akaanza kuuza. Karibu kila mnyororo unaozunguka duniani leo ni mjukuu wa ule. Yule mdudu mharibifu wa miti, ambaye mkulima angemponda kwa kisigino, alipata mtu aliyeinama kumwangalia.

Tazama chini ya miguu ya mchongaji kabla hujatazama sanamu. Mnyororo ukiwa mkali hutema vipande vya mbao kama vya randa. Ukianza kutema unga, umeshakuwa butu. Wachongaji niliowaona walikuwa wakisimama kila baada ya muda kupiga tupa, jino baada ya jino, bila haraka, ingawa saa ilikuwa inakwenda. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Kasi ya mnyororo? Mita 20 kwa sekunde ni jambo la kawaida. Hiyo ni kilomita 72 kwa saa, mwendo wa basi la masafa, ila basi hili liko sentimita chache kutoka gotini kwako.

Kelele zake hufika desibeli 110 hivi. Watazamaji tulivaa vizibo masikioni, na watoto walivaa vile vikubwa vinavyofunika sikio lote.

Na suruali? Si jinzi ya kawaida. Ndani yake mna tabaka za nyuzi ndefu na ngumu. Mnyororo ukigusa paja, unazichomoa nyuzi hizo, zinajisokota kwenye gia, na msumeno unakabwa na kuzima kabla haujafika kwenye nyama. Nguo imemwokoa mtu kwa kuchanika.

Je, wajua ajali kubwa ya chenso ina tabia ya punda? Ni teke. Sehemu ya juu ya ncha ya bapa ikigusa mti wakati meno yanakimbia, msumeno wote huruka juu na nyuma, kuelekea usoni, upesi kuliko jicho linavyopepesa. Kwa sababu hiyo mkata miti hufundishwa siku ya kwanza kwamba ncha isiguse kitu. Sasa mchongaji atafanyaje, na kazi yake yote ya jicho la tai na ukucha wa dubu hufanywa kwa ncha? Jibu ni bapa la kuchongea, ambalo ncha yake imepunguzwa mpaka ikawa na upana wa sarafu ndogo ya senti kumi ya Marekani, milimita 18 hivi. Ncha ikiwa ndogo namna hiyo, teke karibu linakosa nafasi. Na kama litatokea, mbele ya kishikio kuna kinga ya mkono ambayo ikisukumwa na mgongo wa mkono hubana mnyororo palepale. Breki inayojifunga yenyewe ililetwa mwaka 1973 na kampuni ya Husqvarna ya Uswidi, iliyoanza mwaka 1689 kwa kufua bunduki za mfalme.

Mchongaji huanza juu, si chini. Sababu ni mbili. Gogo likiwa bado nene chini husimama imara wakati kichwa kinachongwa, na takataka zinazodondoka haziangukii kazi iliyokwisha. Kwa siku ya kwanza nzima usitegemee kuona sura. Utaona mtu akikata vipande vikubwa kama anayekata jibini, vikidondoka puu, puu, na utajiuliza kama anajua anachofanya. Baadhi huchora mistari ya chaki juu ya gogo. Wengine hawachori chochote, wanazunguka tu, wanasimama mbali, wanakunja jicho moja, wanarudi. Kisha alasiri moja, bila wewe kujua ni saa ngapi, bega linatokea. Ukishaliona bega huwezi tena kuliona gogo. Nilisimama mbele ya mchongaji mmoja kwa muda uliotosha chai yangu kupoa mkononi, nikingoja bega la farasi, na nikalikosa kwa sababu nilipiga chafya.

Kilichokatwa hakirudi. Mfinyanzi akikosea huongeza udongo, mchoraji hupaka juu ya kosa. Hapa, sikio likikatika basi mnyama yule ama azaliwe upya akiwa ameinamisha kichwa, ama awe mnyama mwingine. Na saa haijasimama.

Je, wajua adui mkubwa wa sanamu si mvua bali ni ufa? Gogo hukauka nje kabla ya ndani. Tena mbao husinyaa zaidi kufuata mzunguko wa pete zake kuliko kuelekea kiini, karibu mara mbili, na mvutano huo lazima utokee mahali. Hutokea kama ufa mrefu kutoka gomeni hadi kiini, na haujali kama umepita kwenye pua ya malaika. Fundi mzoefu hashindani na ufa, anauchagulia njia. Anapitisha msumeno mgongoni mwa sanamu, mkato wa kina unaofika karibu na kiini, ili mti upasukie huko nyuma wasikokutazama watu. Wengine huhakikisha kiini cha gogo hakipiti usoni kabisa. Nilipoelezwa hivyo nilizunguka nyuma ya sanamu nyingi za zamani za mji ule, na kweli, migongo yao ina mikato iliyonyooka. Tangu hapo nikiona sanamu ya mti naanza nyuma.

Moto nao ni zana. Mchongaji huwasha bomba la gesi na kupitisha mwali juu ya manyoya ya dubu. Yote huungua yakawa meusi. Kisha hupitisha msasa au brashi ya waya juu, weusi ukabaki ndani ya mifereji, na manyoya yanakuwa na kina. Huo ni ujuzi ambao fundi yeyote wa kwetu aliyewahi kuchomea nakshi kwa chuma cha moto angeuelewa bila mkalimani.

Wengi hutia mafuta ya mboga kwenye mnyororo badala ya oili nyeusi, ili mbao isiingie madoa.

Waswahili husema haraka haraka haina baraka, lakini kuna shindano dogo ndani ya shindano, ambalo fundi hupewa saa moja au moja na nusu tu. Kengele inalia, moshi unapanda, vipande vinaruka mpaka kwenye kofia za watazamaji, na muda ukiisha kila kazi hupigwa mnada palepale ingali na joto la msumeno. Bundi, sungura, uyoga, benchi dogo. Hapo ndipo niliona mikono inayojua kazi. Fundi hana muda wa kufikiri. Anachochonga ni kile ambacho mwili wake umeshakikariri kwa miaka mingi.

Je, wajua kwamba Rambo naye amechongwa kwa chenso? Kusini mwa jimbo hilohilo kuna mji wa Hope, ambako ilipigwa filamu ya kwanza ya Rambo, iliyotolewa mwaka 1982. Mwaka 2020 mji ulisimamisha sanamu yake ya mbao. Kwa msomaji wa Tanzania jina hilo lina historia nyingine kabisa, maana mifuko ya plastiki tuliiita "rambo" mpaka ilipopigwa marufuku Juni 2019. Hope yenyewe ilianza kuchonga mwaka 1991, wakati mti mkubwa katika bustani ya mji ulipougua mizizi na ikabidi ukatwe. Mchongaji wa hapo, Pete Ryan, akaomba shina liachwe. Akatoa tai aliyekamata samaki aina ya samoni.

Hata mwimbaji Cherie Currie, aliyekuwa sauti ya bendi ya wasichana ya The Runaways huko Los Angeles miaka ya 1970 akiwa bado kigoli, baadaye alikuwa mchongaji wa chenso na akashindana na wanaume na wanawake sawia.

Watu wa mwanzo kabisa wa sanaa hii? Ray Murphy wa Marekani alianza mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa msumeno wa baba yake. Mwaka 1961 Ken Kaiser alichonga sanamu 50 kwa ajili ya bustani ya miti mikubwa huko Klamath, California. Ni sanaa changa, basi: baadhi ya babu zetu wana umri mkubwa kuliko wake.

Uskoti, ambako mnyororo ule wa madaktari ulibuniwa, kuna kijiji cha Carrbridge ambacho nacho huandaa mashindano ya kuchonga kwa chenso. Kijiji hichohicho huandaa mashindano ya dunia ya kupika uji wa shayiri. Wana mambo yao.

Lakini nisikudanganye kwamba uchongaji wa mwerezi ulikuja na petroli. Maelfu ya miaka kabla ya chenso, watu wa asili wa pwani ya British Columbia, Wahaida, Wanisga'a, Wakwakwaka'wakw na wengine, waliutegemea mti huu kwa mitumbwi, nyumba, kamba na hata nguo za gome. Walichonga nguzo ndefu zenye viumbe vilivyopandana, kila kiumbe kikiwa ukoo, ndoa, cheo au marehemu. Nguzo husimamishwa kwa karamu kubwa ya kugawa mali, na karamu hiyo serikali ya Kanada iliiharamisha kisheria tangu mwaka 1885 hadi mwaka 1951. Wakati huo nguzo nyingi zilibebwa kwenda makumbusho ya mbali. Moja ya Wanisga'a, yenye urefu wa mita 11, ilichukuliwa mwaka 1929 na kuishia Edinburgh. Wazee waliifuata, wakaidai, na mwaka 2023 ikarudi nyumbani kwa ndege ya jeshi.

Nikiwa nasikiliza habari hiyo niliwaza Kaloleni na Kilifi. Wamijikenda husimika vigango, nguzo za mbao zilizochongwa kwa ajili ya wazee waliofariki, na kigango hakihamishwi, kwa kuwa roho ya mzee imekaa hapo. Viliibiwa kwa mamia, vikauzwa kwa watalii, vikafika Marekani. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa Kenya kwa familia iliyokuwa imeibiwa mwaka 1985. Ukitazama nguzo ya Wanisga'a na kigango cha Mmijikenda, utaona watu wawili wasiowahi kukutana wakifanya jambo lilelile: kumpa marehemu mti wa kusimama. Wanaochonga kwa chenso leo hawafanyi jambo hilo, na si haki kuchanganya mambo haya. Ila ardhi iliyowapa gogo ilikuwa imeshajua kuchongwa zamani sana.

Wamakonde nao wana mnara wao wa watu waliopandana mabegani, tunaouita ujamaa. Niliwaonyesha wachongaji wawili pale Chetwynd picha ya ujamaa kwenye simu. Wote wawili waliuliza swali lilelile kwa kuonyesha kidole: huyu wa katikati, mchongaji amewezaje kufika nyuma yake bila kumvunja wa mbele?

Je, wajua hali ya mji huu ikoje pembeni ya sanamu? Chetwynd uliishi kwa mbao. Zamani uliitwa Little Prairie, ukabadilishwa jina mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa heshima ya Ralph Chetwynd, waziri wa jimbo aliyehimiza reli ifike huko. Reli ilileta viwanda vya kupasua mbao. Mwaka 2023 kiwanda kimoja kikubwa kilifungwa moja kwa moja, na familia nyingi zikapoteza kipato. Ukiyajua hayo, unaelewa kwa nini umati wa watazamaji haushangilii tu kama umati wa mpira. Wengi wao walishika chenso maisha yao yote. Wanajua gogo la aina gani limeletwa, wanajua msumeno ukibadilisha mlio kwamba umegusa fundo, na fundi akikata vizuri wananung'unika kwa kuridhika kabla ya wageni kuelewa kilichotokea.

Sanamu huhitaji kupakwa mafuta ya kinga tena na tena. Hata hivyo hazidumu milele: msingi hunyonya unyevu wa ardhi, ndege huchimba, jua hugeuza rangi ya asali kuwa ya majivu. Sanamu kongwe za Chetwynd zimeshakuwa za kijivu, na baadhi zina kuvu ya kijani mabegani. Naona zimependeza zaidi kuliko mpya.

Mwezi Juni, jua la Chetwynd huchomoza saa kumi na nusu alfajiri na kuzama karibu saa nne usiku. Siku ya mwisho honi ilipolia, jua lilikuwa bado juu. Chenso zikazimwa moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki moja, kisha hata hiyo. Watu tukatoa vizibo masikioni. Wazee wawili wakaanza kukusanya vipande vya mwerezi kwenye viroba kwa ajili ya bustani zao. Mchongaji wa farasi aliweka msumeno chini, akapangusa vumbi kwenye kope za farasi kwa brashi ndogo ya rangi, akarudi hatua tatu nyuma, na akabaki amesimama hivyohivyo hata winchi ilipofika na dereva wake akashuka kumuuliza kama wanaweza kuanza kuinua.